Mizani ya haki: Nani husema kwa niaba ya umma?

JIONI ya Machi 27, 2020, mamia ya watu walikuwa wamepanga foleni katika kivuko cha Likoni, Mombasa, wakisubiri feri iwavushe kurudi makwao baada ya kazi za siku. Ilikuwa siku ya kwanza ya kafyu iliyotangazwa na Rais Uhuru Kenyatta ili kuzuia kuenea kwa ugonjwa wa Covid-19.

Kafyu hiyo ilitarajiwa kuanza saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kabla ya saa hiyo kuwadia, maafisa wa polisi waliwavamia abiria hao kwa vitoa machozi na virungu. Watu waliolazimishwa kulala chini wakiwa wamebanana ni wale wale walioambiwa asubuhi yake wasikaribiane kwa ajili ya afya ya umma.

Siku chache baadaye Rais aliwaomba Wakenya radhi kwa maovu yaliyotendwa na baadhi ya maafisa wakati wa kutekeleza amri hiyo. Hata hivyo, kisa cha Likoni kilikuwa tayari kimeibua swali ambalo limekuwa likiisumbua nchi hii tangu bendera ya mkoloni ilipoteremshwa mwaka 1963: Uhuru wa mtu mmoja hukoma wapi, na uhuru wa wengi huanzia wapi?

Swali hilo halina jibu jepesi. Jamii ambayo kila mtu hujitendea apendavyo haiwezi kudumu, kwani mwenye nguvu atammeza mnyonge. Kadhalika, jamii inayomtaka kila mtu anyamaze kwa ajili ya manufaa ya wengi hatimaye hugeuka gereza, na wengi hao wanaosemekana kunufaika hujikuta wamo ndani pamoja na wachache walioanza kufungwa.

Chama cha Wanasheria Nchini, LSK, kilikwenda katika Mahakama Kuu kupinga kafyu. Uamuzi wa Jaji Weldon Korir mnamo Aprili 16, 2020 unafaa kusomwa upya kila mjadala huu unapozuka. Jaji hakusema kwamba serikali haina mamlaka ya kuwazuia watu kutembea usiku wakati wa janga. Alishikilia kuwa kafyu yenyewe ilikuwa halali kikatiba. Lakini nguvu zilizotumiwa na polisi dhidi ya raia alizitangaza kuwa ukiukaji wa Katiba.

Kwa maneno mengine, mahakama iliyatenga mambo mawili ambayo mazoea ya utawala huyachanganya: lengo la umma, na njia inayotumiwa kulifikia. Lengo linaweza kuwa jema na njia ikawa haramu. Kufikia Juni mwaka huo, Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, ilikuwa imeripoti vifo 15 vilivyohusishwa na utekelezaji wa kafyu. Watu hao hawakuuawa na virusi.

Uhuru wa taifa, kimya cha raia

Ili kufahamu kwa nini Wakenya wengi hushtuka wakisikia haki zao zikipunguzwa kwa jina la umma, ni sharti kurejea nyuma kidogo.

Neno uhuru lilipoimbwa katika miaka ya 1950 na 1960, maana yake ya kwanza ilikuwa ya pamoja. Ulikuwa uhuru wa watu dhidi ya utawala wa kigeni. Mkulima aliyenyang'anywa shamba, kibarua aliyevalishwa kipande shingoni na mwalimu aliyenyimwa kura walipigania jambo moja. Palipokuwa na kongwa moja kwa wote, hapakuwa na haja kubwa ya kuuliza uhuru huo ni wa nani hasa.

Tatizo lilijitokeza baada ya 1963. Wito wa Harambee uliwahimiza wananchi kuungana mikono kujenga shule, zahanati na barabara, na shule nyingi zilizojengwa kwa michango hiyo zingali zinasomesha watoto hadi leo. Huo ni ushahidi kwamba moyo wa kusaidiana si maneno matupu katika nchi hii.

Lakini umoja huo huo uligeuzwa kuwa fimbo. Sheria ya kulinda usalama wa umma iliruhusu raia kuwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Mwandishi Ngugi wa Thiong'o alizuiliwa kwa takriban mwaka mmoja kuanzia Desemba 1977. Mwaka 1982, Katiba ilirekebishwa kwa kuongezwa kifungu cha 2A na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria. Mnamo 1988 wapigakura walilazimika kupanga mlolongo hadharani nyuma ya wagombea, na yeyote aliyesimama penye mstari mfupi alionekana na chifu, jirani na mwajiri wake.

Falsafa ya Nyayo ilihubiri amani, upendo na umoja. Ni nani angethubutu kuyapinga maneno matatu mazuri kiasi hicho? Hapo ndipo mtego ulipokuwa. Kila aliyetofautiana na wakubwa alihesabiwa kuwa adui wa umoja. Wakati Kenneth Matiba na Charles Rubia walipozuiliwa Julai 1990 kwa kudai vyama vingi, hoja iliyotolewa ilikuwa ile ile ya kulinda utulivu wa taifa. Kifungu cha 2A kiliondolewa Desemba 1991, na taifa halikusambaratika kwa sababu tu raia walipewa ruhusa ya kuchagua chama.

Funzo la enzi hiyo ni kwamba katika miaka ile si umma ulioukandamiza uhuru wa mtu binafsi. Ni kundi dogo la watawala lililojitwika jina la umma, likazungumza kwa niaba yake bila kuuliza.

Kipimo cha Katiba

Waliotunga Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 walikuwa na kumbukumbu hizo akilini. Katiba ya zamani ilikuwa na sura nzima ya haki, ila kila haki ilifuatwa na msururu wa masharti ya usalama, utulivu na maadili ya umma, hata ikawa alichopewa raia kwa mkono wa kulia alinyang'anywa kwa mkono wa kushoto.

Katiba mpya ilichukua mkondo mwingine. Kifungu cha 19 kinasema haki ni za kila mtu na hazikutolewa na serikali. Aidha, kifungu hicho hicho kinaeleza kwamba shabaha ya kuzitambua haki ni kulinda heshima ya watu binafsi na ya jamii. Mtu na jamii yake wamewekwa katika sentensi moja, bila mmoja kutangulizwa ili mwenziwe apuuzwe.

Kifungu cha 24 nacho kinatoa kipimo. Haki inaweza kupunguzwa, lakini kwa sheria tu, na kwa kiasi kinachokubalika katika jamii iliyo wazi na ya kidemokrasia. Lazima itazamwe haki yenyewe ni ya aina gani, lengo la kuipunguza lina uzito gani, na kama hakuna njia nyingine isiyo kali ya kulifikia lengo hilo. Lazima pia izingatiwe kwamba mtu akifurahia haki yake asije akaziumiza haki za wenzake. Muhimu zaidi, mzigo wa kuthibitisha haya uko mabegani mwa anayetaka kuipunguza haki, si mabegani mwa raia anayeidai.

Ziko haki nne ambazo kifungu cha 25 kinasema haziguswi kamwe: kutoteswa au kutendewa ukatili, kutofanywa mtumwa, kuhukumiwa kwa haki, na kufikishwa mbele ya mahakama mtu anapozuiliwa. Hata janga lingekuwa kubwa namna gani, hakuna wingi wa watu unaoweza kuhalalisha mateso ya mmoja.

Mtazamo huu hautoki ughaibuni, kama wanavyodai baadhi ya wanasiasa. Mkataba wa Afrika kuhusu Haki za Binadamu na Watu uliidhinishwa na viongozi wa bara hili papa hapa Nairobi mnamo Juni 1981. Jina lake lenyewe linataja binadamu na watu: haki za mmoja na haki za umma kwa pamoja. Mkataba huo unamtaka kila mtu atumie uhuru wake akizingatia haki za wengine, usalama wa wote na maslahi ya pamoja. Kenya ilijiunga nao mwaka 1992.

Abiria na Sheria za Michuki

Mfano mwepesi wa mizani hii ikifanya kazi ulionekana barabarani. Februari 1, 2004, kanuni zilizosimamiwa na aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zilianza kutekelezwa. Matatu zilitakiwa kufunga vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, kila kiti kiwe na mshipi wa usalama, madereva na makanga wavae sare, na abiria wasizidi idadi ya viti.

Wamiliki wa magari walilalamika kuwa uhuru wao wa kufanya biashara unakandamizwa. Magari mengi hayakuonekana barabarani, na wafanyakazi wa mijini walitembea kwa miguu maili nyingi kwenda kazini. Pamoja na adha hiyo, wananchi wengi waliziunga mkono kanuni hizo.

Sababu yake ni bayana. Dereva aliyekuwa akiendesha apendavyo hakuwa akitumia uhuru wake peke yake. Alikuwa akiuchezea uhai wa abiria 14 au zaidi waliokuwa nyuma yake. Masharti yalikuwa wazi, yalichapishwa kisheria, yalimhusu kila mwenye gari bila kujali kabila wala tabaka, na kila abiria aliweza kuiona faida yake kwa macho. Hakuna mtu aliyepokonywa utu wake kwa kufunga mshipi.

Kanuni hizo zilififia baadaye, ila si kwa sababu zilikuwa za kidhalimu. Zilififia kwa ulegevu na hongo, hata ikabidi serikali itangaze upya utekelezaji wake Novemba 2018. Hapa ndipo upande wa pili wa mjadala huu hujitokeza. Dereva anayemkabidhi polisi noti ili apite na gari bovu anajinunulia uhuru wa kibinafsi, na bei yake halisi hulipwa na abiria asiyejua lolote. Mtu anayelalamika kuwa serikali inamwingilia, ilhali ndiye huyo anayehonga, hatetei uhuru.

Mwenye kitambulisho na asiye nacho

Mambo yalikuwa tofauti katika usajili wa Huduma Namba ulioanza Aprili 2019. Lengo la serikali lilikuwa kukusanya taarifa za kila mkazi mahali pamoja ili kurahisisha huduma na kudhibiti ulaghai. Hakuna mwenye busara anayeweza kusema hilo ni lengo baya.

Lakini sheria iliyorekebishwa ili kuruhusu usajili huo ilitaja pia ukusanyaji wa taarifa za chembechembe za DNA na za mahali hasa mtu anapoishi. Isitoshe, maafisa wa utawala walivumisha kwamba asiyejisajili angenyimwa huduma za serikali. Zaidi ya watu milioni 30 walisajiliwa, wakati ambapo Kenya haikuwa na sheria mahususi ya kulinda taarifa za kibinafsi. Sheria hiyo ilikuja Novemba 2019, miezi kadhaa baada ya foleni kwisha.

Miongoni mwa waliokwenda mahakamani ni shirika la kutetea haki za Wanubi. Wanubi wa Kenya ni kizazi cha wanajeshi kutoka Sudan waliotumikia jeshi la Uingereza enzi za ukoloni, na wengi wao wameishi Kibra kwa zaidi ya karne moja. Kwa miaka mingi vijana wao walihitajika kufika mbele ya kamati za uchunguzi kabla ya kupewa kitambulisho, jambo ambalo Wakenya wa jamii nyingi hawakuulizwa. Hofu yao ilikuwa dhahiri: Mfumo ukimtaka kila mtu awe na stakabadhi ili ahesabiwe kuwa mtu, je, aliyenyimwa stakabadhi hizo atakuwa nani?

Majaji watatu waliamua Januari 30, 2020 kwamba ukusanyaji wa DNA na taarifa za mahali watu wanapoishi ulikuwa kinyume cha Katiba, na kwamba usajili ungeendelea tu baada ya kuwekwa kanuni madhubuti. Oktoba 2021, Mahakama Kuu iliamua tena kwamba utoaji wa kadi ulifanywa bila kwanza kutathmini hatari zake kwa taarifa za watu. Serikali iliyoingia mamlakani 2022 ilikuja na mpango wake wa Maisha Namba.

Tofauti kati ya mshipi wa matatu na Huduma Namba haikuwa katika nia ya serikali. Ilikuwa katika mzigo. Mshipi ulimlemea kila abiria sawa. Huduma Namba ilikuwa karibu bure kwa mtu wa Nairobi mwenye kitambulisho mfukoni, na ghali mno kwa kijana wa Kibra aliyekuwa akingoja chake kwa miaka. Manufaa ya wengi yanapojengwa juu ya mgongo wa wachache wale wale kila mara, hayo si manufaa ya umma bali ni mazoea ya dhuluma.

Kivuli cha Shakahola

Hakuna tukio lililoitikisa dhana ya uhuru wa kuabudu humu nchini kama lile la msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Kuanzia Aprili 2023, wachunguzi walifukua miili ya zaidi ya watu 400, wakiwemo watoto wengi. Waathiriwa walikuwa wafuasi wa kanisa la Good News International lililoongozwa na Paul Mackenzie, na ilielezwa kuwa walihimizwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Muumba. Mackenzie na wenzake walipofikishwa mahakamani mnamo 2024 walikanusha mashtaka, yakiwemo ya ugaidi na ya kusababisha vifo.

Baada ya mshtuko huo, sauti nyingi zilidai kwamba uhuru wa kidini umezidi na makanisa yabanwe. Jopokazi lililoongozwa na Kasisi Mutava Musyimi liliwasilisha ripoti kwa Rais William Ruto Julai 2024, likipendekeza mashirika ya kidini yasimamiwe kwa sheria huku yakijidhibiti yenyewe kwa kiasi fulani. Viongozi wengi wa dini walionyesha wasiwasi, kama walivyofanya Januari 2016 walipoyapinga masharti ya aliyekuwa Mwanasheria Mkuu Githu Muigai yaliyotaka wahubiri wawe na vyeti vya masomo ya dini. Masharti hayo yalirudishwa mezani kwa mashauriano.

Hata hivyo, kabla ya kukubali kwamba Shakahola ni tunda la uhuru kupita kiasi, ni vyema kuyatazama mambo yenyewe. Mhubiri huyo hakuwa mgeni kwa polisi. Alikuwa amekamatwa na kushtakiwa mwaka 2017 na tena mwaka 2019 kuhusiana na mafundisho yake. Machi 2023 alikamatwa kufuatia vifo vya watoto wawili, kisha akaachiliwa kwa dhamana ya Sh10,000. Kamati ya Seneti iliyoongozwa na Seneta wa Tana River Danson Mungatana ililaumu asasi za usalama na za haki kwa kutochukua hatua za kutosha licha ya malalamiko ya mapema.

Kumnyima mtoto chakula lilikuwa kosa la jinai kabla ya Shakahola, na kifungu cha 32 kinacholinda imani hakijawahi kumruhusu yeyote kumuua mwenziwe. Sheria ilikuwapo. Aliyekosekana ni wa kuitekeleza.

Kuna jambo jingine ambalo mjadala wa kitaifa uliligusa juu juu tu. Ndani ya msitu ule hapakuwa na uhuru wa mtu binafsi. Mfuasi aliambiwa aache kazi, aichane stakabadhi yake, asiwapeleke watoto shuleni wala hospitalini, na asiwasiliane na jamaa zake. Aliyebadili nia hakuwa na pa kukimbilia. Mtoto hakuulizwa kamwe. Lilikuwa kundi lililommeza mtu, huku likijikinga kwa ngao ya haki ambayo ndani yake lilikuwa limeshaifuta.

Kwa hivyo sheria yoyote ya kusimamia dini haina budi kujibu maswali mawili kwa pamoja. Je, itamwezesha mtoto, mke au muumini aliyechoka kutoka na kusaidiwa? Na je, itamzuia karani wa serikali asijifanye mwamuzi wa imani ipi ni sahihi? Sheria inayohesabu vyeti vya wahubiri bila kusikiliza kilio cha jirani anayepiga ripoti kituoni haitazuia Shakahola nyingine. Miili zaidi iliyofukuliwa eneo la Kwa Binzaro, kaunti iyo hiyo, katikati ya mwaka 2025 ni onyo tosha.

Barabara ni ya nani?

Mvutano mkali zaidi wa miaka ya karibuni umekuwa wa maandamano. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko, mradi awe na amani na asiwe na silaha. Sheria ya Utaratibu wa Umma inamtaka mwandalizi awaarifu polisi kati ya siku tatu na 14 kabla. Kuarifu si kuomba ruhusa, ingawa tofauti hiyo husahaulika kwa urahisi katika vituo vya polisi.

Juni 25, 2024, vijana waliopinga Mswada wa Fedha waliingia katika majengo ya Bunge. Siku iliyofuata Rais Ruto alitangaza kuwa hatautia sahihi mswada huo. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu, KNCHR, iliorodhesha vifo visivyopungua 60 vilivyotokana na wimbi hilo la maandamano. Mwaka mmoja baadaye, Juni 25, 2025, watu walirejea barabarani kuwakumbuka waliouawa, na damu ikamwagika tena. Katika kumbukumbu ya Saba Saba Julai 7, 2025, tume hiyo ilihesabu zaidi ya watu 30 waliouawa kwa siku moja.

Siku hizo hizo, wahuni walivunja maduka katikati ya jiji la Nairobi na kubeba simu, nguo na viatu. Mwenye kibanda aliyekopa ili kununua bidhaa alipoteza vyote kwa saa chache. Naye ni Mkenya, na haki yake ya kumiliki mali imo katika Katiba iyo hiyo. Anayemdharau kwa madai kuwa hasara yake ni bei ndogo ya mapambano anarudia, bila kujua, hoja ya watawala wa zamani kwamba mtu mmoja anaweza kutolewa kafara kwa ajili ya wengi.

Julai 2025, Mwakilishi wa Kike wa Nairobi Esther Passaris aliwasilisha mswada uliopendekeza kuzuia mikusanyiko ndani ya mita 100 kutoka Bunge, mahakama na maeneo mengine yanayolindwa. Waliouunga mkono walimtaja mfanyabiashara aliyeporwa. Waliopinga waliuliza raia ataandamania wapi ikiwa hawezi kufika mahali wanapokaa wale anaotaka wamsikie.

Kipimo cha kifungu cha 24 kinasaidia hapa. Lengo la kulinda maduka ni jema. Lakini wizi ni kosa tayari, na mwizi anajulikana kwa kitendo chake, si kwa bango alilobeba. Ipo njia isiyo kali ya kulifikia lengo hilo, nayo ni kumkamata anayevunja duka na kumlinda anayeandamana. Polisi wanapowafyatulia risasi wenye mabango ilhali wanaovunja maduka hawaguswi, mfanyabiashara na mwandamanaji wote wawili huwa wamenyimwa ulinzi wa serikali moja.

Waogiek na msitu wa taifa

Si kila mara mvutano huwa kati ya mtu mmoja na umma. Mara nyingine ni kati ya jamii ndogo na taifa zima. Msitu wa Mau ni chemchemi ya mito inayotegemewa na mamilioni ya watu na wanyama. Kwa hoja ya kuuhifadhi, Waogiek walipewa notisi mnamo Oktoba 2009 wahame katika muda wa siku 30.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha iliamua Mei 26, 2017 kwamba Kenya ilikiuka haki za jamii hiyo. Mahakama haikukataa kwamba uhifadhi ni jambo la maana kwa wote. Ilichokataa ni madai kwamba Waogiek, walioishi humo kwa kurina asali na kuwinda, ndio waliouharibu msitu. Sehemu kubwa za Mau zilikuwa zimegawiwa watu wengine na kukatwa miti kwa idhini ya wenye mamlaka. Juni 2022 mahakama iliagiza jamii hiyo ilipwe fidia na irejeshewe ardhi kwa hatimiliki ya pamoja. Utekelezaji umejikokota, na Novemba 2023 nyumba za Waogiek zilibomolewa tena katika Kaunti ya Narok.

Hapa manufaa ya wengi yalikuwa ya kweli, ila gharama yake ilipelekewa asiyekuwa na hatia kwa sababu ndiye aliyekuwa rahisi kuondolewa.

Maswali matatu

Visa vyote hivi vinaonyesha kwamba si kweli kuwa Mkenya analazimika kuchagua kati ya uhuru wake na uhuru wa jamii yake. Abiria anahitaji sheria ya barabarani ili awe huru kusafiri. Jamii nayo inahitaji raia anayethubutu kwenda mahakamani, kwani bila yeye hakuna ambaye angejua kuwa umma umetumiwa kama kisingizio. Kesi ya Huduma Namba ilifunguliwa na wachache, lakini sheria ya kulinda taarifa inamlinda kila mwenye simu.

Kinachohitajika ni kuuliza maswali matatu kila mara serikali, kanisa, kabila au kundi lolote linapomwambia mtu aachilie haki yake kwa ajili ya wengi. Kwanza, ni nani anayesema kwa niaba ya hao wengi, na ni nani aliyemtuma? Pili, mzigo huu unabebwa na wote au unaelekezewa wanyonge wale wale? Tatu, je, hakuna njia nyingine isiyoumiza?

Hali kadhalika, raia anayedai uhuru wake hana budi kujiuliza ni nani atakayelipa bei ya uhuru huo. Mhubiri anayepaza vipaza sauti usiku kucha, mwenye baa aliyejenga ukuta kwa ukuta na shule, na mwenye kiwanda anayemwaga maji taka mtoni, wote hao huzungumza lugha ya haki wakiguswa. Haki yao ipo, lakini haikuwahi kuwa leseni ya kumnyima jirani usingizi, masomo au maji safi.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Abiria wa Likoni hawakuwa wakidai mengi ile jioni ya Machi 2020. Wengi wao wangetii kafyu kwa hiari, maadamu waliuogopa ugonjwa kama walivyouogopa wengine. Walichohitaji ni feri ya kuwavusha kabla ya saa moja.